Bomba la Juu, Mvua ya Bukoba

Oya wana, tuelewane mapema: huu mji ni wa manshomile. Mhaya akijenga lazima bati lionekane kutoka barabarani, akipata redio lazima iwe dirishani, na akirudi toka Dar hata kwa wiki moja lazima Kiingereza kiongezeke. Mimi ni wa hapahapa Hamugembe, kwa hiyo asinitukane mtu. Sasa mtu wa damu hiyo mpe Scania, mpe tela la ekseli tatu, mpe na mkeka wa kutoka Mutukula mpaka Kyamyorwa, halafu mwambie moshi wa chuma chake utokee uvunguni, pembeni ya tairi, kimyakimya. Hakubali, waitu. Anataka bomba lisimame nyuma ya kebini, lipite paa, ling'ae, na akiwa anaipandisha Muhutwe watoto wa shule wamjue ni nani kabla hajatokeza kwenye kona.

Ukikaa kijiweni Rwamishenye, pale masuka wa semi wanaposubiri mzigo au wanaposubiri tajiri atume hela ya mafuta, stori haziishi. Utasikia Kagera Sugar kafanya nini Kaitaba, utasikia bei ya kahawa, halafu mmoja atachomoa simu yenye picha ya kichwa cha majuu chenye mabomba mawili yanayong'aa balaa, na hapo kijiwe kinawaka. Huyu anataka la kukatwa mshazari, yule anataka la kupinda nje, utingo anataka mawili kabisa ingawa gari si lake na injini yenyewe ina njia moja tu ya moshi.

Rika letu tuliambukizwa na banda umiza. Mwaka 2007 Transformers inatoka, Optimus Prime ni kichwa cha Peterbilt 379, rangi ya bluu yenye miali myekundu ya moto, mabomba mawili yamesimama ubavuni. Dogo yeyote aliyetoka mle ndani alitoka na ndoto ya semi. Ila wazee wa hapa hawakuisubiri Hollywood. Dohani iliyowapa mzuka ilikuwa ya meli. MV Victoria ilianza kupiga ruti ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kuna watu wazima mjini hapa ambao walikuwa wanashuka gatini bila safari wala mgeni wa kumpokea, wanaenda kuutazama moshi tu. Mwaka 2020 ilirudi majini baada ya ukarabati ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, na mshua mmoja jirani yetu akashuka tena gatini kukagua. Alirudi amenuna. Anasema moshi wa siku hizi hauna adabu, hauonekani.

Huyo mshua tutamrudia kwenye suala la moshi, maana kakosea na wana wengi wanakosea naye.

Kwanza picha ya majuu ina mtego wake. Wamarekani vichwa vyao vina pua ndefu. Injini iko mbele, kebini imekaa palepale haiendi kokote, kwa hiyo bomba wanaliegemeza kwenye kona ya kebini na maisha yanaendelea. Sisi vichwa vyetu ni bapa. Suka anakaa juu ya injini, na fundi akitaka kuiona injini anabinua kebini yote mbele. Ukifunga bomba kwenye kebini, siku ya kubinua ama unaling'oa ama unabaki umekodoa macho. Bomba la gari bapa linasimama kwenye chasisi, lina nguzo yake, na kebini ikibinuka inaliacha hapohapo.

Halafu nafasi yenyewe ya nyuma ya kebini ni ya kuhurumiana. Hapo kuna mipira ya upepo ya breki inayokwenda kwenye tela, kuna nyaya za taa, kuna sehemu ya injini kunyonya hewa, na bado tela linataka nafasi ya kuzunguka. Boya anapima kichwa kikiwa peke yake, anaona uwanja mpana, anafurahi. Fundi anayejua kazi anakwambia kaunganishe tela kwanza. Anataka aone kona ya mbele ya tela inafika wapi ukikata kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Akimaliza hapo anakutuma ukaingie kwenye mtaro wa ghala, kichwa kinyanyue pua huku tela likiwa bado nyuma tambarare, maana hapo ndipo sehemu ya juu ya tela inapokuja kuisogelea kebini. Bomba fupi linapona. Bomba la sifa linabanwa, linapinda, na unarudi Rwamishenye na kitu chenye shepu ya ndizi.

Upande wa kulisimamisha nao hauchagui wewe. Vichwa vingi vya Ulaya vina bomba la kunyonyea hewa nyuma ya kebini, kwa juu, upande mmoja. Ukisimamisha la moshi hapohapo jirani, injini inavuta moshi wake yenyewe na joto lake yenyewe. Chujio linajaa masizi, nguvu zinapungua, na suka anaanza kusingizia mafuta ya Biharamulo. Moshi ukae upande mwingine. Demu wako akikuuliza kwa nini hukuliweka upande anaokaa yeye kwenye picha, mwambie ni mambo ya afya.

Tuje kwenye chuma chenyewe. Njia zetu bado zina masalia ya Scania za zamani, 113 na 124, na namba zake zinasomeka ukijua: 113 ni injini ya lita 11 ya toleo la tatu, 124 ni lita 12 ya toleo la nne. R420 inakupa farasi 420. Kwa vyuma hivi bomba la inchi 5 linatosha, usitake makuu. Yale ya inchi 8 unayoyaona kwenye picha za Marekani mengi ni geresha. Kule chini bado ni 5, huku juu ndipo panapopanuliwa kwa ajili ya ujiko. Sipingi ujiko, narudia mimi ni wa Bukoba. Nasema tu ujue unanunua nini.

Kitu ambacho hutakiwi kukigusa ni kichwa cha kisasa chenye tenki la AdBlue. Lile boksi kubwa la pembeni linaonekana sailensa tu, kumbe ndani ndiko gesi chafu zinakosafishwa, na lina vihisio vinavyoongea na kompyuta ya gari. Wewe likate ukaweke bomba lako la kung'aa, kompyuta ikikosa majibu inakubana nguvu, gari linapanda Kamachumu kwa mwendo wa maandamano. Kwa chuma cha hivyo, kama bomba limekuuma sana, unaanzia baada ya boksi. Kabla ya hapo hakukuhusu.

Sasa nifike kwenye kitu kinachonifanya niandike. Mabomba haya yameanzia nchi nyingine, na nchi nyingine hazina mvua yetu. Bukoba inapigwa na wastani wa milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Dodoma hata 600 haifiki. Suka wa Dodoma anaweza kusimamisha bomba wazi, akalala, akaamka, maisha yakaendelea. Wewe wa huku ukilala na bomba wazi mwezi wa nne, umelaza ndoo.

Hesabu haina uchawi. Mdomo wa inchi 5 ukiwa wazi wima, mvua ya milimita 50 ya usiku mmoja inamwaga humo zaidi ya nusu lita. Mdomo wa inchi 8, lita moja na nusu na ushee. Kwa mwaka mzima la inchi 5 linakunywa kama lita 25, na la ujiko zaidi ya 60. Hayo maji hayapandi kurudi juu. Yanashuka kwenye kona ya chini, yanaingia kwenye sailensa, yanakaa na masizi, yanatengeneza uji mweusi wa asidi unaokula chuma kutoka ndani huku wewe unapiga polishi nje. Yakizidi na bomba halina mahali pa kuyatolea, yanatafuta njia kurudi kwenye tabo, ile feni inayozungushwa na moshi. Na valvu ya moshi ikiwa imeachwa wazi injini ilipozimwa, maji yanaweza kwenda mpaka kwenye silinda. Piga stata hapo. Pistoni haijui kukamua maji. Kinachopinda ni koneki, na bei yake inakupeleka kuuza shamba la urithi.

Hata yasipofika mbali hivyo, kuna fedheha ya asubuhi. Gari limelala Muleba stendi, mvua imepiga usiku kucha, kumekucha Jumapili, suka anawasha. Bomba linakohoa maji meusi yote yaliyokaa humo, yanaruka juu, halafu yanashuka yanakotaka. Sasa yashuke kwenye kanzu nyeupe ya mzee anayewahi misa. Hapo hakuna lugha itakayokuokoa, Kihaya kitapigwa mpaka cha mababu.

Dawa zake ziko za aina aina. Ya kwanza ya bure ni kopo la rangi. Utingo anapanda usiku, anafunika, analala. Inafanya kazi vizuri mpaka siku anasahau kulitoa, na ikiwashwa kopo linaenda angani. Ya pili ni kifuniko cha bawaba, kile kibati chenye uzito nyuma ambacho moshi unakinyanyua wenyewe na injini ikizimwa kinajifunga. Hiki ndicho kinatoa ule mlio wa tak-tak-tak gari likiwa sailensi, na kuna watu wanakifunga kwa ajili ya mlio tu. Mimi ningekuwa na semi ningekifunga kwa sababu zote mbili. Ya tatu ni kupinda mdomo, kona laini ya kutazama nje. Gari likiwa limesimama mvua ya wima inagonga mgongo wa kona na kutiririka zake. Mkato wa mshazari, ule wana wanaoupenda, haukingi chochote. Ni urembo mtupu. Ila chochote utakachoweka juu, kule chini kwenye kona ya chini kabisa toboa tundu dogo la kutolea maji. Fundi anayekataa kutoboa kwa hoja kwamba litaharibu sauti, badilisha fundi.

Kuna na suala la kahawa, ambalo wenzetu wa Marekani hawana habari nalo. Huku mzigo mkubwa wa msimu ni kahawa, robusta ya maganda, iko kwenye magunia, juu kuna turubai. Kahawa ina tabia ya kunyonya harufu. Iweke karibu na mafuta ya taa, inakuwa mafuta ya taa. Iweke karibu na samaki, siku inakaangwa mtu anakutafuta. Sasa bomba lako likiwa linatema moshi nyuma, usawa wa mbele ya tela, kila mlima unapopanda unaufukiza mzigo wa watu. Umeupakia vijijini huko Muleba, unaupeleka mjini kukobolewa, na pale wenye pua zao wanaonja kwa kazi. Wakulima wamehangaika, chama kikuu cha ushirika KCU na vyama vya msingi wamehangaika, halafu kimeo kinatoka kwenye bomba la suka mmoja aliyetaka kuposti. Mdomo uangalie nje na juu, usiangalie tela. Na urefu uchague kwa akili: lizidi kebini kidogo moshi upeperuke, lakini lisizidi tela lako, kwa sababu ukikatisha mitaa ya Kashai kuna nyaya za umeme zinaning'inia na kuna matawi ya miembe ambayo hayajawahi kusikia habari za Optimus Prime.

Joto nalo lisichukuliwe poa. Semi iliyobeba mzigo kamili, na ukomo wa juu kabisa wa sheria ya Afrika Mashariki ni jumla ya tani 56, ikikaza kupanda mlima moshi wake unaweza kupita nyuzi 300 za Selsiasi. Mpira wa upepo ukigusa bomba hilo unayeyuka. Upepo wa tela ukiisha, breki zinajifunga zenyewe, na umesimama katikati ya mlima na foleni ya Fuso za ndizi nyuma yako. Ndiyo maana bomba la maana lina koti la bati lenye matundu upande wa kebini na upande wa mipira, na ndiyo maana magari ya kubeba petroli hayaingii kabisa kwenye huu mchezo. Kule moshi unahamishiwa mbele, mbali na tenki, na kuwekewa kizuizi cha cheche. Suka wa tenki akikuomba umchomelee bomba la juu nyuma ya kebini, mnyime. Mnyime hata akileta msimbazi kumi mkononi.

Kazi yenyewe ya fundi ni tamu kuitazama. Anaanza na fleksi, kile kipande cha chuma chenye mikunjo kinachonesa, kinakaa kati ya bomba la injini na bomba la kusimama. Injini inatikisika, chasisi inajipinda kivyake, na bila fleksi mishono inapasuka kabla hujafika Biharamulo. Kisha kona. Hapa ndipo utamjua bingwa. Mashine ya kukunjia bomba bila kuliminya si kitu cha kila kichochoro, kwa hiyo kuna njia mbili za kiume. Moja ni kujaza bomba mchanga, kuziba ncha, kulipasha moto na kulikunja taratibu. Mchanga unazuia bomba lisibonyee. Lakini mchanga uwe umekaushwa, umekaangwa kabisa, maana huu wetu wa ziwani una unyevu, na unyevu uliofungiwa kwenye chuma cha moto unageuka mvuke unaotafuta pa kutokea. Ncha inafyatuka. Nyingine ni kukata vipande vyembamba vya pembe na kuviunga kimoja baada ya kingine mpaka kona inatokea yenyewe. Inachukua siku, inakula vijiti vya kuchomelea, ila ikisafishwa na grinda ile mistari yake ni unyama, na wapo wanaoiacha ionekane makusudi.

Chuma gani? Ukweli ni kwamba wengi wanaanza na bomba la maji, lile la mabati, kwa sababu lipo dukani na bei inaeleweka. Sawa, ila lina koti la zinki, na zinki ikipigwa moto wa kuchomelea inatoa moshi mweupe. Fundi anayeuvuta mchana, usiku analala na homa, baridi, mwili unauma, mdomoni ladha ya shilingi. Atadhani malaria. Kesho au keshokutwa imeisha, anarudi kazini, anauvuta tena. Mafundi wetu wana imani na maziwa, kabla ya kazi lita moja, eti yanasafisha kifua. Maziwa ni chakula, kunywa tu kaka, lakini kifuani hayaendi. Kinachosaidia ni kuikwangua zinki kwanza pale pa kuunga, kufanyia kazi nje, kukaa upande upepo unakotoka, na barakoa ya kazi hiyo. Bukoba upepo wa ziwa tunao wa bure.

Mwenye mkwanja anaenda stenlesi, ile wanayotengenezea vyuma vya ngazi za hoteli. Haishiki kutu upesi, inang'aa bila kupakwa kitu, na ina raha yake moja: ikipata joto inabadilika rangi. Inaanza dhahabu, inaenda zambarau, inaishia bluu. Kila bomba linajichora lenyewe kulingana na milima liliyopanda. Wapo wanaoisugua na polishi kila Jumapili kuiondoa hiyo bluu. Siwaelewi. Hiyo bluu ndiyo CV ya gari.

Turudi kwa mshua wa gatini na moshi wake usio na adabu. Wana wengi wanadhani bomba la juu ni leseni ya kutema moshi mweusi. Moshi mweusi ni dizeli ambayo haijaungua vizuri. Ni hela yako inapaa. Ama chujio la hewa limeziba, ama nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza, ama tabo imechoka. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usioisha injini ikishapata moto unaweza kuwa maji yanapita gasketi. Kwa hiyo bomba lililosimama ni kipimo cha hadharani: umelinyanyua mwenyewe juu ya paa, kijiji kizima kinakusoma. Suka aliyenifundisha haya alikuwa anatazama mbele tu, gari linakuja toka Kemondo, anakwambia lile nozeli mbili zimekufa. Chuma chenye heshima kinapandisha na huoni kitu juu ya bomba zaidi ya hewa inayochezacheza.

Na nguvu? Nguvu zinaongezeka kidogo kama bomba la zamani lilikuwa limeziba au limepinda vibaya. Tabo inapumua, inaamka mapema. Zaidi ya hapo ni hisia. Kinachoongezeka kweli ni sauti, na ndiyo maana mjadala mkali kuliko yote ni wa sailensa: ibaki au itoke. Ikitoka, gari linanguruma mpaka ng'ambo ya bonde. Ikibaki, linatoa mkoromo mzito wa chini. Mimi niko upande wa kubaki, na hoja yangu si ya ustaarabu. Suka analala humo ndani. Dar mpaka huku ni zaidi ya kilomita 1,300, na siku ya pili ya safari hiyo bila sailensa masikio yanavuma, kichwa kinauma, na hakuna demu anayeiona sifa yako saa nane za usiku pale Nyakanazi. Ukitoa sailensa bakiza walau breki ya egzosi. Kuna mafundi wa njaa wanaiondoa ile valvu eti inabana moshi. Kazi yake ni kubana moshi! Ukiteremka toka Kamachumu na mzigo, ndiyo inayokushikia gari breki za miguu zisichemke.

Njagu nao wana lao. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haijakataa uzuri, ila moshi wa kupitiliza na makelele vinaweza kukusimamisha, na faini ya papo kwa papo inakuhusu. Kelele zina kanuni zake pia za mazingira, za 2015. Masuka wana mbinu, ukikaribia mjini mguu unakuwa mwepesi, gari linanyenyekea, likivuka tu unakiwasha. Hiyo mbinu trafiki wanaijua kuliko unavyoijua wewe.

Ukitaka kujua binadamu anaweza kufika wapi na hili gonjwa, watazame Wajapani. Wana malori wanayaita dekotora, taa mpaka kwenye bampa, kromu ya ghorofa, na yalishika moto baada ya filamu za Torakku Yarō zilizoanza 1975. Nairobi wana nganya zao, matatu za kupambwa, na waliwahi kubanwa na sheria za waziri Michuki mwaka 2004, michoro ikafutwa, mstari wa njano ukapigwa kila matatu, na leo nganya zimerudi zina spika kuliko klabu. Sisi bado tuko kwenye bomba moja na maandishi ya bampa. Tunakuja.

Pesa ya kazi hii mara nyingi inatoka mfukoni kwa suka, kwa sababu tajiri anataka tripu, hataki urembo. Kwa hiyo ruhusa iombwe mapema, na la zamani lisiuzwe kwa chuma chakavu. Lihifadhiwe nyumbani kwa maza, nyuma ya migomba, maana siku tajiri akikuhamisha gari unarudisha lake na unaondoka na lako. Bomba la stenlesi lililotunzwa linahama na suka wake kutoka kichwa hadi kichwa. Baada ya tripu ya kwanza, mpaka Mutukula na kurudi inatosha, unapita kwa fundi anakaza bolti zote za mikanda, kwa sababu chuma kipya kikipata moto na kupoa kinalegea. Hiyo haina malipo, ni sehemu ya bei ya mwanzo, na fundi akianza kujing'atang'ata mkumbushe kiroho safi.

Kwa sasa kijiweni bomba limeshakuwa stori ya juzi. Kuna jamaa karudi toka Kampala na honi ya upepo ya midomo mitano, anasema ataifunga juu ya kebini, na tayari kuna kamati ya watu saba wanabishana hewa yake itachotwa tenki lipi bila kuiba ya breki.